Taja Toleo Unapotoa Mfano

Makala hii ni ya maoni, lakini inaanza na deni. Yupo kijana mmoja wa Handeni aliyetuhumiwa kwamba alibadili shairi lake njiani, kati ya Handeni na Korogwe, na tuhuma hiyo haikuwa ya kweli. Chanzo chake nilikuwa mimi, kwa karatasi moja niliyoiandika na kuigawa bila kutaja jambo dogo ambalo lingechukua nusu ya mstari. Nalisema mbele ya watunzi kwa sababu kosa lenyewe, ijapokuwa lilizaliwa ndani ya kompyuta, sisi watu wa lugha tunalifahamu tangu zamani na bado tunalitenda.

Miaka kadhaa iliyopita, wapenda ushairi wachache wa wilaya hizi mbili tulikuwa tukikusanya mashairi ya vijana. Mashairi ya Handeni yalipimwa kwanza huko huko, kisha yakaletwa Korogwe na kupimwa mara ya pili. Yaliyokubalika pande zote mbili yaliingia katika kijitabu cha kudurufu. Kazi iliyotuchosha ilikuwa kuhesabu mizani. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 katika kila mshororo una jumla ya mizani 64. Vijana 30 wakileta beti 6 kila mmoja, hizo ni mizani 11,520 za kuhesabiwa kwa vidole.

Nami nilikuwa nimejifunza kidogo lugha ya programu iitwayo Python, nikatunga programu fupi ya kutusaidia. Ilisoma ubeti, ikahesabu irabu zake zote, ikaongeza zile m zinazosimama kama silabi kamili, mfano wa m ya mtu au ya mlango, kisha ikaigawa jumla kwa 4. Jibu likiwa 16, iliandika “Umetimia.” Likiwa jingine lolote, iliandika “Una kasoro.” Niliichapa katika karatasi moja, nikaipa kichwa “Programu ya Kupima Mizani,” nikaidurufu, na nakala moja ikapelekwa Handeni, ambako mwenzetu mmoja aliinakili neno kwa neno katika kompyuta iliyokuwapo.

Najua mtakalosema. Mtasema kwamba wastani si kipimo cha mizani, kwa kuwa mshororo wenye mizani 17 na mwenzake wenye 15 hufichana, na jumla ikabaki 64. Mna haki. Nilipaswa kupima kila mshororo peke yake, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Kosa ninalolizungumzia leo ni la pili, nalo lingetokea hata kama hesabu yangu ingekuwa nzuri zaidi.

Kijana wetu alitunga shairi ambalo mshororo mmoja katika ubeti wa tatu ulikuwa na mizani 17. Jumla ya ubeti ikawa 65. Handeni, programu iliandika “Umetimia.” Korogwe, programu iliandika “Una kasoro.” Tukahesabu kwa vidole, tukapata 65. Kwa kuwa programu ilikuwa ile ile, bila hata nukta moja kutofautiana, na kwa kuwa tuliamini kwamba mashine haina upendeleo, tukafikia hitimisho lililokuwa jepesi: karatasi iliyopimwa Handeni siyo hii iliyoletwa Korogwe, na kijana amepachika neno baada ya kukubaliwa. Aliulizwa, akakana. Hakuaminiwa. Shairi likaachwa nje ya kijitabu, na tangu hapo hakutuletea jingine.

Ukweli niliujua miezi mingi baadaye, nilipokwenda Handeni kwa shughuli nyingine na kupata nafasi ya kukaa mbele ya kompyuta ile. Kwa kujaribu tu, niliandika mstari mmoja:

print(65/4)

Ikajibu 16. Kompyuta yangu ya Korogwe, kwa mstari huo huo, hujibu 16.25. Nilijaribu 66, ikajibu 16. Nilijaribu 67, ikajibu 16 vilevile. Nikaelewa kwamba shairi halikubadilika njiani. Kilichobadilika ni lugha.

Kompyuta ya Handeni ilikuwa na Python toleo la 2.7, na yangu ilikuwa na toleo la 3. Lugha hii iliasisiwa na Guido van Rossum na ikaanza kutolewa kwa watu mwaka 1991. Toleo la 2 lilitoka mwaka 2000, na toleo la 3 mwaka 2008. Hilo la 3 lilifanya jambo ambalo lugha za programu huliepuka sana: lilibadili baadhi ya kanuni za msingi, likijua kwamba programu nyingi za zamani hazitafanya kazi tena. Katika toleo la 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, jibu nalo huwa namba nzima, na mabaki hutupwa bila taarifa. Hiyo ilikuwa desturi iliyorithiwa kutoka lugha za kale kidogo kama vile C. Pendekezo la kuibadili lilitolewa mwaka 2001, na katika toleo la 3 alama ile ile ya mkwaju ikaanza kutoa jibu pamoja na desimali zake. Anayetaka kutupa mabaki sasa huandika mikwaju miwili. Toleo la 2.7, la mwisho katika ukoo wake, liliacha kuhudumiwa na waundaji wake tarehe 1 Januari 2020, lakini kompyuta iliyo nalo haikupata habari za msiba huo. Inaendelea kulitumia kama kawaida.

Tofauti za matoleo ni za namna mbili. Namna ya kwanza hupiga kelele. Katika toleo la 2 mtu aliruhusiwa kuandika print "Umetimia" bila mabano. Toleo la 3 huukataa mstari huo papo hapo na kusema kwamba sarufi yake imekosewa. Mwanafunzi aliyenakili mfano wa zamani atakasirika, atauliza, na huenda akapata jawabu siku hiyo hiyo. Namna ya pili hunyamaza. Mstari unakubaliwa na matoleo yote mawili, unatoa majibu mawili tofauti, na kila upande unaondoka ukiwa na yakini. Karatasi yangu ilikuwa na mabano, kwa hiyo haikupiga kelele popote. Laiti ingepiga, kijana yule asingetuhumiwa.

Sasa nawarudisha nyumbani, kwenye Kiswahili, kwa sababu tumeishi na namna hizo mbili kwa karne nyingi.

Mtu wa Korogwe akikutana na neno “mato” katika shairi la Lamu, atasimama. Neno hilo halimo katika usemi wake wa kila siku, naye atauliza na kuambiwa kwamba ni macho. Hiyo ni tofauti inayopiga kelele. Lakini akikutana na neno “ndoo” katika shairi la Mombasa, huenda asisimame kabisa, kwa kuwa ndoo anayo nyumbani na huitekea maji. Mtunzi wa lahaja za kaskazini aliposema “ndoo” alikuwa akimwita mpenzi wake aje: ndoo ni njoo, kama vile ndia ni njia. Msomaji asiyeambiwa kwamba ubeti huo ni wa Kimvita atauona umetimia, naye amepata chombo cha maji mahali ambapo mtunzi aliweka wito.

Walimu wetu wa kale walilijua jambo hili. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, jina lenyewe la kitabu lilitamka kwamba ni Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Hakudai kukieleza Kiswahili chote. Ludwig Krapf naye, aliyefanya kazi zake Mombasa na viungani mwake, aliandika zaidi maneno ya huko. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kusimamia lugha ikaanza kazi mwaka 1930, tulipata faida kubwa ya kuelewana, ila tulipata pia mazoea mabaya: tulianza kutoa mifano kana kwamba Kiswahili kina toleo moja tu na halihitaji kutajwa. Mwalimu huandika ubeti wa Kiamu ubaoni, hurekebisha maneno mawili matatu yawe sanifu bila kusema, kisha huwauliza wanafunzi kwa nini mtunzi alivunja kina. Mtunzi hakuvunja kitu. Kina chake cha -to kiligeuzwa kuwa -cho na mkono wa mwalimu.

Hata kamusi tunazitaja hivyo hivyo. Mara ngapi tumesoma katika malumbano yetu kwamba “kwa mujibu wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, neno hili halipo”? Kamusi hiyo ilitoka mwaka 1981, ikatoka toleo la pili mwaka 2004, na la tatu mwaka 2013. Toleo la 1981 halikuweza kuijua simu ya mkononi. Mtu anayesema neno halimo bila kusema halimo katika toleo lipi ametoa hukumu isiyoweza kukaguliwa, na akipingwa na mwenye toleo jingine, wote wawili wataapa kwamba wanasoma kamusi moja.

Na Handeni yenyewe ina somo kubwa kuliko hili la kompyuta. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa kutoka bara hili la Tanga wakapelekwa Somalia, na wazao wao wakaishi kando ya mto Juba wakiihifadhi lugha ya mababu. Vita vya Somalia vilipozuka katika miaka ya 1990, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na kuanzia mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, humu humu wilayani Handeni. Ndipo Kizigua kikakutana na Kizigua: kimoja kilichokaa nyumbani kikipokea maneno ya Kiswahili, na kingine kilichokaa ugenini zaidi ya karne moja kikipokea ya Kisomali. Ni lugha moja, na wenyewe wanajuana kwayo. Lakini mtu anayekusanya methali na nyimbo za Kizigua leo, akaandika chini yake “Kizigua, Handeni” na kuishia hapo, hajatuambia lililo muhimu. Je, ameisikia kwa bibi wa kijiji cha jirani au kwa mzee wa Chogo aliyezaliwa Juba? Maelezo hayo yana uzito wa historia nzima ya watu. Yakiachwa, mtafiti wa kesho atachukua neno lililokopwa ugenini na kuliita la asili, au atachukua la asili lililohifadhiwa ugenini na kuliita kosa. Tuhuma isiyo ya kweli inaweza kumwangukia mtu, na inaweza kuiangukia lugha pia.

Nimewahi kupingwa katika hoja hii, na nataka kuwatendea haki walionipinga.

Wa kwanza husema: dawa ni kutumia toleo jipya tu, na la zamani lifundishwe kama historia. Kwa anayefundisha Python leo, nakubali kwamba aanze na toleo la 3. Hata hivyo karatasi hazifi kwa amri. Mfano uliodurufiwa mwaka 2012 ungali ndani ya daftari la mtu, na mtu huyo ni mwalimu wa mtu mwingine. Kompyuta nyingi za mikoani zilifika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na mwenye nayo hana bando la kupakua programu mpya kila mwaka. Isitoshe, hata ndani ya toleo la 3 kuna hatua. Namna moja ya kupachika thamani ndani ya maandishi ilianza na toleo la 3.6 mwaka 2016, na mwenye 3.5 ataambiwa amekosea sarufi. Kila “toleo jipya” lina tarehe yake ya kuzeeka, na mfano usiotaja toleo huzeeka bila mtu kujua.

Wa pili husema: ni mzigo kwa mwandishi. Nimeupima mzigo huo. Katika kompyuta, mtu huandika python --version na kupewa jibu mara moja. Katika karatasi yangu, maneno “kwa Python 3” yangechukua nafasi ndogo kuliko jina langu, na jina langu sikulisahau.

Wa tatu ndiye wa ndugu zangu watunzi, na hoja yake ni nzito. Husema: mshairi ana uhuru. Ana inkisari ya kufupisha neno, ana mazda ya kulirefusha, ana ruhusa ya kuchota neno la Kimvita kwa ajili ya kina na kulikalisha karibu na la Kiunguja, wala hadaiwi maelezo. Hilo nalikubali moja kwa moja. Shairi halidaiwi cheti cha kuzaliwa. Anayedaiwa ni yule anayelichukua shairi, au mstari wa programu, na kuligeuza kuwa mfano. Mtunzi anasema “nimeona hivi.” Mtoa mfano anasema “nawe fanya hivi, utapata hiki.” Hiyo ni ahadi, na mwenye kuahidi hana budi kusema ahadi yake inatimia wapi.

Ninachoomba ni mambo matatu, na yanawafaa watunga programu na wafundisha ushairi kwa usawa.

Kwanza, toleo litajwe pamoja na mfano wenyewe, katika ukurasa ule ule. Likiandikwa katika dibaji ya kitabu, litabaki katika dibaji siku ukurasa utakapodurufiwa peke yake, na kurasa zetu nyingi husafiri peke yake. Kwa programu, liandikwe jina la lugha na namba yake. Kwa ubeti, iandikwe lahaja na toleo la kitabu ulimonakiliwa, na kama mnukuu amesanifisha maneno, aseme ameyasanifisha.

Pili, mfano ufuatane na jibu unalopaswa kutoa. Kama karatasi yangu ingesema “ubeti wenye mizani 65 utaandikiwa Una kasoro,” mwenzetu wa Handeni angejaribu mara moja, angeona “Umetimia,” na angejua papo hapo kwamba kuna jambo. Katika ushairi jibu hilo ni maana: anayenukuu ubeti wenye “ndoo” na kuandika pembeni “yaani njoo” amemlinda msomaji wake.

Tatu, pale majibu mawili yanapogongana, tuulize habari ya toleo kabla ya kuuliza habari ya uaminifu wa mtu. Sisi waamuzi wa Korogwe tulikuwa na kompyuta mbili, karatasi moja na kijana mmoja, na kati ya hivyo vyote tulimshuku kijana kwanza. Alikuwa ndiye pekee asiyeweza kujitetea kwa maandishi. Tulikuwa na njia ya kuhakiki, kwa kuzihesabu mizani za nakala iliyobaki Handeni, tusiitumie.

Nilimtafuta kijana huyo. Si kijana sana tena. Ana familia na shamba lake la mahindi. Baada ya “Shikamoo, mwalimu,” nilimweleza yote, habari ya 65 na ya 16, na nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ila, mwalimu, mizani moja kweli ilizidi?” Nikamwambia kweli ilizidi. Akasema, “Basi mngeniambia tu kwamba imezidi. Ningeiondoa.”

Aliniomba shairi lake, nami sikuwa nalo. Naye hakubaki na nakala. Tumekumbuka ubeti wa kwanza na nusu ya wa pili. Ule wa tatu, wenye mizani 65, hakuna anayeukumbuka.

Karatasi nimeiandika upya. Inapima kila mshororo peke yake, na juu yake, kabla ya mstari wa kwanza wa programu, pameandikwa: “Imejaribiwa kwa Python 3.8. Usiitumie kwa Python 2 kabla ya kuijaribu upya. Mshororo wenye mizani 16 utaandikiwa Umetimia. Wenye mizani 17 utaandikiwa Umezidi kwa 1.” Anayeihitaji na aichukue, naomba tu asiidurufu bila mistari hiyo ya juu.